Mwezi wa Mia na Ishirini

Mwezi mmoja. Kendra Pulaski alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu, na wiki nzima kila aliyekutana naye kwenye korido za shule aliambiwa habari hiyo, atake asitake. Mwalimu wa hesabu aliambiwa. Mfagizi aliambiwa mara mbili, na mara ya pili akampa Kendra donati yake, maana mtu mwenye furaha ya namna ile huwezi kumwacha mikono mitupu.

Miaka kumi na mitatu nyuma alikopa dola elfu sitini na moja kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, ile kazi ya kuwafundisha watoto wenye kigugumizi na wale ambao ulimi haujakaa sawa. Bila shahada hiyo hakuna kazi, na bila mkopo hakuna shahada. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wasamehewe, hawakuwahi kuuona mkopo wa chuo wa huku Marekani. Kendra alikuwa amelipa mara mia moja na kumi na tisa, mwezi kwa mwezi, na sasa alidaiwa elfu tisini na nne. Ndiyo, tisini na nne. Usiniulize hesabu hiyo imetoka wapi, riba ndiyo inajua.

Lakini ulikuwapo mlango mmoja. Ukifanya kazi ya umma, saa thelathini kwa wiki au zaidi, na ukalipa mara mia na ishirini ukiwa kwenye kazi hiyo, salio lote linafutwa. Lote! Kwa ajili ya mlango huo Kendra alikataa zahanati ya Columbus iliyotaka kumlipa karibu mara mbili. Kwa ajili ya mlango huo mchumba wake alihamia Arizona peke yake. Yeye alibaki Ohio na hesabu yake, mpaka Juni hii, amefika mia na kumi na tisa, na malipo ya Julai, ambayo hayahesabiwi yakilipwa mapema, ndiyo ya mwisho.

Tarehe kumi na tano Juni wataalamu wote wa usemi waliitwa maktaba ya shule. Mwanamke mmoja nadhifu, mwenye meno meupe kupita kiasi, akasimama mbele yao akitabasamu.

"Nina habari njema," akasema. "Kuanzia Julai mosi, nyote mtakuwa wafanyakazi wa kampuni yetu. Watoto ni walewale, vyumba ni vilevile, na mshahara unapanda kidogo. Mkataba ni wa miaka miwili."

Watu wakapiga makofi. Kendra akanyoosha mkono.

"Samahani, dada. Kampuni yenu ni ya umma?"

"La, ni ya biashara," mwanamke akajibu kwa fahari. "Ndiyo maana tunafanya kazi vizuri."

Kendra akachukua mkoba wake, akatoka. Kule kwenye maegesho ya magari, Tasha Rudd, mwenzake wa kazi na wa nyumba, alimkuta amekaa kwenye ukingo wa saruji, mkoba mapajani.

"We shoga, inuka hapo. Saini tu," Tasha akamwambia. "Fanya miaka yako miwili, kisha urudi serikalini ulipe hilo moja lililobaki. Linakwenda wapi? Halina miguu."

"Deni halina miguu, sheria inayo! Miaka miwili, Tasha? Hao jamaa wa Washington kila wakiamka wanataka kuifuta. Nisubiri miaka miwili nije kuambiwa mlango umefungwa?"

"Mimi nilishakata tamaa zamani. Nitakufa nadaiwa, na watakuja kunidai kaburini."

"Wewe umelipa mara arobaini. Mimi mia na kumi na tisa! Nimemla ng'ombe mzima, Tasha, halafu mkia ndio unishinde?" Akasimama ghafla. "Sikiliza. Sheria inasema kazi ya umma. Inasema kazi gani?"

"Kazi ya umma, basi."

"Ndiyo, lakini ipi? Haisemi!" Macho yalikuwa yameshaanza kumng'aa. "Haisemi lazima uwe mwalimu. Haisemi lazima utumie shahada. Hata nikizoa mavi ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya serikali, inahesabiwa!"

"Umechanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa, nipeleke nyumbani nikatafute tembo."

Tembo hakupatikana. Mahakama ilitaka miezi mitatu ya kumchunguza kwanza. Posta walikuwa wamejaa. Bwawa la kuogelea la manispaa lilitaka mtu anayejua kuogelea, na Kendra kwenye maji ni jiwe. Kampuni ilikubali kumshikia nafasi yake mpaka tarehe ishirini Julai, si zaidi ya hapo, na kila asubuhi yule mwanamke wa meno alimtumia barua pepe ya kumkumbusha. Siku ya tisa ya kutafuta, kwenye ukurasa wa mji mdogo uitwao Pickerel Fork, mwendo wa nusu saa kwa gari, akaona tangazo la mistari mitatu. Anatakiwa mpakiaji wa taka. Wiki mbili. Saa thelathini.

Kendra alipiga ukelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Msimamizi wa taka na barabara wa Pickerel Fork aliitwa Dale Hostetler, mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya kwenye bawaba. Alisoma wasifu wa Kendra polepole, kidole kikifuata maneno.

"Binti, hapa pameandikwa shahada ya uzamili."

"Ndiyo, Bwana Hostetler."

"Niite Dale. Unajua hii kazi ni ya kushika mapipa? Mpakiaji wetu, Dwayne, amefanyiwa upasuaji wa goti, anarudi tarehe ishirini. Mpaka hapo ni wewe, funza na jua la Julai."

Kendra alikuwa amejiandalia maneno mazuri juu ya kupenda mazingira. Aliyafungulia mdomo, yakagoma kutoka. Badala yake akamwagika yote: mkopo, mia na kumi na tisa, kampuni, Arizona, tembo. Alipomaliza alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi.

Dale akavua miwani. "Yaani unataka kuzoa taka wiki mbili, serikali ikufutie dola elfu tisini na nne?"

"Ndiyo, bwana."

"Hii ndiyo kazi inayolipa vizuri kuliko zote nilizowahi kumpa mtu." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaichukua fomu aliyokuja nayo Kendra, akaisoma mara mbili, na kicheko kikamwisha. "Hapa wanataka sahihi yangu kwamba umefanya saa thelathini kila wiki. Nitatia sahihi kwa saa ulizofanya. Si dakika moja zaidi. Msimamizi wa mji wa jirani alimwandikia shemeji yake saa za hewa. Leo anauza mahindi barabarani. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Siku nne kwa wiki, saa saba na nusu kila siku. Ijumaa hatufanyi. Saa za nyongeza baraza la mji limekataza. Jumatatu ya tarehe sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukichelewa, lori linaondoka."

Hakuchelewa. Jumatatu hiyo alikuwa getini kabla ya Dale mwenyewe, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kilichomfika magotini, moyo unamdunda kama bibi harusi. Dereva aliitwa Lonnie Beasley, pande la mtu, na kicheko chake kilimtangulia kila alikokwenda.

"Kwa hiyo wewe ndiye Profesa!" akamlaki. "Karibu kwenye ofisi yako. Ina upepo, ina harufu, na ukiona kitu kinatikisika ndani ya pipa usikisalimie, ni rakuni, yule mnyama mwizi wa mabaki."

"Sikusomea rakuni."

"Hapa utasoma bure, Profesa. Hakuna mkopo."

Mwenyezi Mungu ndiye anayejua jinsi siku ile ilivyokwenda. Kendra alimwagikiwa na maji ya nyama iliyooza, akaangusha pipa kwenye bustani ya maua ya mama mmoja, akakutana na rakuni kweli, na wote wawili wakapiga kelele. Kufika saa nne asubuhi mabega hayakuwa yake tena. Lakini kila alipopanda kile kibao cha kusimamia nyuma ya lori na kushika chuma, na upepo ukampiga usoni, alijikuta anacheka peke yake. Mambo ya ajabu. Mtu ananuka hivyo halafu anacheka!

"Wewe una nini huko nyuma?" Lonnie akamuuliza wakati wa chakula, kila mtu na sandwichi yake ya siagi ya karanga.

"Saa nne na nusu zimeisha. Bado hamsini na tano na nusu."

"Kumbe una ugonjwa wa hesabu."

"Miaka kumi, Lonnie. Kila nikiamka nahesabu. Wewe hukusoma ukakopa?"

"Nilisoma upishi. Nusu ya chuo." Lonnie akatafuna kwanza. "Chuo nilipewa nusu, deni wakanipa zima."

Wakacheka mpaka chai ikamtoka Kendra puani, ingawa Lonnie mwenyewe aliacha kucheka mapema kidogo kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Wiki ya kwanza ilitimia saa thelathini kamili, Dale akaziandika kwa penseli kwenye daftari lake. Mji mzima wa Pickerel Fork ulikuwa umeshapata habari. Lonnie hakuwa na kifua cha kuficha siri. Wazee walitoka na kanzu zao za kulalia kumpungia mkono. Mama wa yale maua aliyoyaponda akamwachia juu ya pipa kopo la maji baridi ya limau na kikaratasi: Kaza buti, mwanangu, mimi nilimaliza deni langu nikiwa na miaka sitini na sita.

Jumanne ya wiki ya pili, tarehe kumi na nne, ndiyo ilikuwa siku ya kulipa. Kendra alikuwa ameapa kutulia. Saa tatu kasoro, walipofika njia panda karibu na kanisa la Wamethodisti, uvumilivu ukamwishia, akagonga ubavu wa lori kwa ngumi.

"Simama! Lonnie, simama!"

Lonnie akafunga breki, akaruka chini akidhani mtu amegongwa. Alimkuta Kendra amevua glavu kwa meno, simu mkononi.

"Nalipa sasa hivi. Shahidi wangu ni wewe."

"Bonyeza, Profesa, bonyeza!"

"Vidole vimelowa, simu haivitambui! Nipe shati lako."

Akafutia vidole kwenye shati la Lonnie, akabonyeza. Dola mia mbili themanini na saba. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, nao wawili wameinamia kioo kama waganga. Kikasimama. Malipo yamepokelewa.

Lonnie akapanda kwenye usukani, akalalia honi mpaka mchungaji akatoka kanisani na mswaki mdomoni. Mia na ishirini! Kilichobaki ni saa na sahihi. Bila hizo malipo hayo yangeingia na kupotea bila kuhesabiwa.

Basi ikaja Alhamisi, siku ya mwisho. Wale waliosema haraka haraka haina baraka walimjua Lonnie Beasley kabla hajazaliwa. Alipania kumpa rafiki yake zawadi. Alinunua keki, akaificha kwenye jokofu la ofisini, akaamua kwamba siku hiyo Profesa atatoka mapema. Akaendesha lile lori kama amebeba mgonjwa. Kona zote alizikata. Mahali walipozoea kupumua hawakupumua. Kendra naye, kwa furaha aliyokuwa nayo, alirusha mapipa mawili mawili, hakutazama saa hata mara moja. Miaka kumi hakuacha kuhesabu, akaja kuacha siku hiyo!

Wakaingia uani wakiimba. Kendra akaruka kabla lori halijasimama, akakimbilia mashine ya ukutani inayopiga saa za kuingia na kutoka, akaichomeka kadi yake. Tik. Kisha akaingia ofisini kwa Dale na fomu, imefungwa kwenye nailoni isiingie uchafu.

Dale akavaa miwani. Akajumlisha kwa penseli. Akajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu. Akatazama saa ya ukutani.

"Kendra," akasema taratibu, "umetoka saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ni saa sita na nusu. Kazi inaisha saa saba. Wiki hii una saa ishirini na tisa na nusu."

Lonnie alikuwa mlangoni, keki mikononi. Uso ulimporomoka.

"Ni mimi," akasema. "Dale, ni mimi, nimekimbiza gari. Andika thelathini. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Nusu saa!" Kendra akapaza sauti, na haikuwa sauti ya kuomba. "Miaka kumi, Dale! Nimeacha mshahara, nimeacha mwanaume, nimelala kwenye chumba chenye ukungu, nimekula maharage ya kopo mpaka nayaota, na wewe unanitajia nusu saa! Taka zote zimezolewa. Hakuna pipa hata moja lililobaki mji mzima!"

"Najua."

"Basi andika!"

"Karatasi inasema thelathini, binti. Sikuiandika mimi. Nikiandika uongo, siku moja kijana fulani mwenye tai atafungua faili lako, atalinganisha na kadi, na zile elfu tisini na nne zitakurudia. Hilo sikufanyii."

Kendra akaketi kwenye kiti cha plastiki. Machozi yalianza kumtoka bila kelele, yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. Jokofu lilinguruma.

Dale akageukia dirisha. Akalitazama lori, akalitazama muda mrefu kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Lonnie. Kanuni za baraza zinasemaje kuhusu lori na siku ya Alhamisi?"

"Kanuni gani?"

"Lori litaoshwa kila Alhamisi kabla ya kufunga kazi. Nani kaliosha?"

"Aah, Dale, hilo lori halijaoshwa tangu Krismasi."

"Basi ni aibu kubwa." Akamgeukia Kendra. "Mpakiaji, kazi haijaisha. Rudi ukapige kadi. Mpira wa maji uko nyuma ya ghala."

Ilimchukua Kendra kitambo kidogo kuelewa. Alipoelewa, kile kiti kilianguka nyuma yake. Tik! Saa sita na dakika thelathini na sita. Akapita akikimbia, ndoo mkono huu, brashi mkono ule, sabuni kwapani. Lonnie akaweka keki chini, akakunja mikono ya shati.

"Ngoja nikusaidie."

"Usiguse!" Kendra akamfokea, brashi juu. "Wewe Lonnie, uniache! Ukinisaidia litaisha mapema tena!"

Hata Dale alicheka hapo. Akatoka na kiti chake akaketi kivulini, saa ya mkononi ameiweka gotini, fomu kwenye ubao. Lonnie akakaa chini karibu naye, anakula keki kwa woga. Na Kendra akaosha. Yesu wangu, aliosha! Maji yalitoka meusi, yakawa kahawia, yakawa kijivu. Chini ya uchafu wa miezi saba ikatokea rangi ya kijani ambayo Lonnie aliapa hajawahi kuijua. Alisugua bawaba, alisugua kile kibao alichosimamia wiki mbili, alisugua namba za gari moja moja, kizibao kimemgandia mwilini, nywele zimeloa, mdomo haufungi kwa kuimba.

"Dakika kumi," Dale akatangaza. "Tano."

"Usinihesabie, nitazimia!"

Saa saba na dakika sita, Dale akasimama. Akaegemeza ubao kwenye mkono, akaandika thelathini, akatia alama kwenye kisanduku, akatia sahihi, akaandika tarehe, akapuliza wino ukauke.

"Kendra Pulaski," akaita kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wahitimu, "saa thelathini kamili. Umemaliza."

Lonnie akaruka na kupiga mbinja. Akamfuata mbio kumnyanyua, lakini Kendra alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya sabuni, anasugua gurudumu la nyuma. Wala hakuinua kichwa.

"Profesa! Hukusikia? Imetiwa sahihi! Imekwisha!"

"Nimesikia."

"Sasa bado unafanya nini? Hizo dakika hazihesabiwi na mtu yeyote!"

Kendra akanyanyua uso uliojaa povu, anacheka na kulia kwa pamoja, akayatazama magurudumu mawili yaliyobaki.

"Najua," akasema. "Ngoja nimalizie haya."